Sauti Isiyokohoa

Tuwape haki yao wachapishaji wanaotuuzia riwaya za Kiswahili zilizosomwa na kompyuta. Sauti ya kompyuta hiyo nimeisikia kwenye matatu ya Kakamega kwenda Mumias, na sijapata kusikia msomaji mwenye utulivu kama ule. Mama anazikwa, bibi harusi anapigiwa vigelegele, mbuzi anaibwa: kwake yote ni utabiri wa hali ya hewa. Nukta haimsimamishi. Ng'ombe humtaja kwa lafudhi ya London, na wale wa Khayega, waliozoea kupiganishwa mbele ya umati, nadhani wangemsamehe.

Nyanya zetu walikuwa na usumbufu. Nyanya anasema "Paukwa!" kisha anangoja "Pakawa!"; usipoitikia, hadithi haisongi. Fisi ana sauti yake, sungura ana yake, na wimbo ukifika ni lazima wote muimbe. Upotevu wa muda ulioje! Kompyuta haihitaji kuitikiwa. Kusema kweli, hata kusikilizwa haihitaji.

Mwaka 1982 waasi walilazimika kumsaka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze mapinduzi redioni, maana sauti yake Kenya nzima iliijua. Leo wangebofya tu, nasi tungedhani ni sura ya tisa.

Ngoma ya Isukuti ya huko Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Watambaji wa hadithi wasijisumbue kupanga foleni hiyo. Wachapishaji wameshawalinda vya kutosha: hata nauli ya kuja studio hawawasumbui nayo.