Lami Imetunyang'anya Visingizio

Habari ya barabara ya lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara nitaisema kwa sauti ya chini, maana wapo watu walioisubiri tangu wananyonya. Leo nyanya zao zinafika sokoni zikiwa bado nyanya. Hao waache washukuru, wana haki yao. Mimi nasemea kabila jingine kabisa, la wazee wenye vitambi walionunua baiskeli za resi ukubwani kwa ushauri wa daktari, na ambao kwa miaka yote wamekuwa wakiishi kwa kuisingizia barabara.

Zamani mambo yalikuwa na utaratibu wake. Ukitoka Mikumi, lami ilikusindikiza mpaka Kidatu ikakuaga. Kuanzia hapo zilibaki kilomita karibu 67, kiangazi vumbi, masika tope. Mtu akichelewa, barabara. Akidondoka, barabara. Akiamua kupakia baiskeli juu ya basi pale Mang'ula na kumalizia safari amekaa dirishani anakula mahindi ya kuchoma, barabara hiyohiyo. Tukifika Ifakara tulipeana pole, tukaitukana barabara kwa pamoja, tukalala usingizi wa watu wasio na deni.

Sasa lami imefika mpaka mwisho. Imelala pale nyeusi, laini, ina mistari yake myeupe, na ukichoka wewe ndiye uliyechoka. Hakuna wa kumtupia mpira.

Kibaya zaidi, lami haikuja peke yake, imekuja na Mwenyekiti. Huyu ni mwenzetu katika kikundi, hakuchaguliwa na mtu, ila ndiye mwenye simu iliyofungwa kwenye usukani. Simu hiyo ina programu inayopima mwendo, mapigo ya moyo na mita mlizopanda. Ukisimama kunywa maji inaandika kwamba umesimama, haiandiki kwamba ulikuwa na kiu. Jioni Mwenyekiti anatuma matokeo kwenye kundi la WhatsApp, na wake zetu wamo humo. Mke wangu alisoma, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Neema, hapa pameandikwa kilomita sita kwa saa. Si ndiyo ninavyotembea mimi kwenda gengeni?"

Ndiye Mwenyekiti aliyetuambia kwamba njia hii ni tambarare. Nimegundua kwamba kila anayesema Mikumi hadi Kidatu ni tambarare aliipita akiwa amelala ndani ya gari. Pana vilima pale, ndugu zangu, vimepangana kimoja nyuma ya kingine, na kila ukimaliza kimoja kuna mtu mbele anageuka kukuambia kwamba hicho kilikuwa cha mwisho. Mtu huyo ana kilo hamsini na tano na hajaoa.

Kidatu unavuka Ruaha Mkuu. Wenzangu walisimama darajani kupiga picha, mimi nikapata nafasi ya kuhema kwa kisingizio cha kutazama mto. Maji yanayopita pale yametoka kazini. Juu kidogo yameshazungusha mitambo ya umeme ya megawati 204, sasa yanateremka taratibu kwenda kuungana na Rufiji, ambako nako yatakuta bwawa jingine linayasubiri. Niliyaonea huruma, lakini angalau yenyewe yanateremka.

Ukishavuka unaingia kwenye himaya ya miwa, na hapo ndipo ninapotaka serikali inisikilize. Msimu wa mavuno magari ya miwa yanapita na matela yao, na kila tela linadondosha vipande njiani. Kipande cha muwa kwa mwenye gari si kitu. Kwa mwenye tairi nyembamba kuliko kidole gumba, ni gogo. Tena mashamba huchomwa kabla ya kuvunwa, na majivu meusi huruka yakatua yanapopenda. Yalitua juu ya jezi ya Mwenyekiti, ile nyeupe iliyonunuliwa kwa bei ambayo mkewe bado hajaambiwa. Katika safari nzima, hilo ndilo jambo pekee lililonipa nguvu mpya miguuni.

Halafu kuna matuta, na kuna rasta. Tuta unaliona mapema na kujiandaa kisaikolojia. Rasta ni vijituta vidogo vidogo vilivyopangwa kwa nia mbaya kila unapokaribia kijiji, vinavyomtetemesha mwendesha baiskeli kuanzia makalio mpaka meno ya bandia. Ni kweli viliwekwa ili magari yapunguze mwendo watoto wavuke salama, na sina ugomvi na watoto. Ila magari hayapunguzi. Anayepunguza ni mimi, ambaye hata nikimgonga mtoto kwa mwendo wangu, atakayelazwa ni mimi.

Kuanzia Msolwa, upande wa kulia, msitu wa Udzungwa unakushukia mpaka karibu na barabara. Hapa wenzangu wote hugeuka washairi. Nami nakiri ni pazuri. Milima imevaa miti kutoka chini bondeni mpaka inapopotelea mawinguni, na kilele chake kirefu kuliko vyote kinafika mita 2,576. Vijito vinatoka humo ndani baridi kabisa na kupita chini ya barabara, kila kimoja na kidaraja chake. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1992, na ndani yake hakuna barabara za kutalii kwa gari; kila mgeni anapanda kwa miguu yake mwenyewe. Pale Sanje maporomoko yanaanguka mita 170, na kutoka barabarani unaweza kuyaona kwa mbali, uzi mweupe kwenye kijani. Mwenyekiti akapendekeza tupande tukaone kwa karibu. Nilimtazama mpaka akaondoa hoja.

Sanje hiyohiyo ina tumbili wake asiyepatikana mahali pengine duniani zaidi ya milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, dunia ikashangilia mnyama mpya. Wanakijiji walikuwa wanamjua siku zote, pengine wanamfukuza kwenye mahindi. Ndivyo ilivyo na hii tunayoiita njia mpya ya baiskeli. Mwenyekiti ameiandika kwenye programu yake kwamba ameigundua, akaipa na jina la Kizungu, huku tukipishana na baba mmoja anayekwenda mashineni na gunia la mpunga kwenye keria, panga limechomekwa pembeni, na kandambili miguuni. Baba huyo hakuwa na chupa ya maji ya michezo. Alitupita akatusalimu, "Poleni na safari," kwa sauti ya mtu anayepita hospitalini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini huu niliuona kwa macho yangu, ulikuwa mpunga.

Nilidhani angalau kivuli hakitaniangusha. Nani asiyetegemea kivuli kwenye nchi ya misitu na mito? Lakini msitu uko upande wake na jua liko juu yangu. Kando ya njia watu wamepanda mitiki, miti mizuri, iliyonyooka, yenye majani mapana ya kufunikia mtu mzima. Basi mtiki nao una tabia yake. Kiangazi kikiwaka, jua linapotoboa utosi na msafiri anapoutafuta mti kwa machozi, ndipo unapodondosha majani yote ukabaki umesimama uchi. Masika mvua inaponyesha na kivuli hakina kazi, unavaa upya. Unamfahamu mtu wa namna hiyo. Sote tuna ndugu mmoja hivyo.

Pancha niliipata Mkula, nikaipokea kwa furaha, maana pancha ni pumziko lisiloweza kuhojiwa hata na simu. Palikuwa na fundi chini ya mwembe, kijana, na beseni lake la maji meusi. Akatoa tyubu, akaizungusha majini mpaka mapovu yakajitokeza, akakausha, akasugua na msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka. Nikaketi kwenye benchi nikijua safari ndefu ya mapumziko imeanza, kwa sababu nozeli ya baiskeli yangu ni nyembamba kama sindano na pampu za kwetu haziishiki. Nilishapanga maneno ya huzuni ya kumwambia Mwenyekiti.

Kijana akaitazama. "Mzee, kile kifuniko chake cha plastiki kiko wapi?" Nikampa. Akachukua wembe, akakata ncha ya kifuniko, akakigeuza juu chini, akakifunga tena kwenye nozeli. Mpira wa pampu ukaishika vizuri. Dakika chache tairi likawa gumu. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo kuliko soda, kwa hiyo hata kulalamikia bei nilinyimwa.

Maeneo ya Mang'ula kuna njia maalumu ya tembo inayopita chini ya barabara, ili wavuke kati ya Udzungwa na mapori ya upande wa pili bila kugongana na mabasi. Jambo zuri sana, tembo ni wetu sote. Ninachouliza tu ni hivi: tembo amejengewa njia yake, treni ya TAZARA ina reli yake, nyani wana msitu wao. Mwendesha baiskeli amepewa nini? Amepewa bega la barabara. Na bega la barabara, mpunga ukishavunwa, lina mwenyewe. Mama ametandika turubai, ameanika, amekaa na kijiti cha kufukuzia kuku. "Baba, nakuomba usikanyage mpunga wangu!" Ukikwepa mpunga unaingia kwenye bodaboda zilizopaki. Ukikwepa bodaboda unaingia mbele ya basi linalogombea abiria na basi jingine. Nimechagua kusimama na kumsalimia mama. Tumeongea mpaka nikajua bei ya debe.

Nje ya Ifakara kuna daraja juu ya mto Kilombero, mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018 likapewa jina la Magufuli. Kabla yake palikuwa na pantoni, na pantoni ilikuwa na hatari zake. Hakuna mwenye akili timamu anayeitamani. Lakini kwa mwendesha baiskeli wa rika langu, ilikuwa ni pumziko halali kisheria. Ulisubiri, ukala kambale wa kukaanga, ukanyoosha mgongo, na hakuna aliyeweza kukuharakisha maana hata mkuu wa wilaya alisubiri. Sasa unavuka kwa dakika mbili. Mwenyekiti alitaka tuvuke, tugeuze, tuvuke tena ili simu yake itimize namba fulani iliyonyooka.

Nimekaa nikatafakari nimebakiwa na nini. Barabara haipo tena kwenye orodha. Pantoni haipo. Mafundi ni hodari. Kilichobaki ni mvua. Bonde la Kilombero mvua zikikolea hugeuka ziwa. Mto unatoka kitandani, Lumemo nao unapiga hodi kwenye nyumba za watu pale Ifakara, na mtu mzima akisema hasafiri, anaheshimiwa.

Kwa hiyo wenzangu walipouliza safari ijayo tuiweke lini, niliwahi kunyoosha mkono kabla ya wote na kupendekeza Aprili, nikijua kabisa Aprili itaahirishwa, na ikiahirishwa haitakuwa kwa sababu yangu. Hoja ilipita bila kupingwa. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Usiku Mwenyekiti akatuma ujumbe kwenye kundi: makoti ya mvua yamepatikana Kariakoo kwa bei ya jumla, kila mtu aandike saizi yake. Mke wangu alishanijazia ya kwangu.