Kioo Kipya, Mluzi Mpya

Kioo cha mbele cha gari hakipasuki siku moja, bali hupasuka kwa hatua, na hatua ya kwanza huwa ndogo kiasi kwamba mwenye gari hupata muda wa kutosha wa kuikana. Katika barabara ya Chalinze hadi Morogoro, ambako malori ya mizigo hupishana na mabasi usiku na mchana, kokoto moja ikirushwa na tairi huacha kovu ambalo mwenye gari, baada ya kulipapasa kwa ukucha, hulitolea hukumu kwamba ni la juujuu tu. Hukumu hiyo hudumu hadi gari lililoshinda juani linapomwagiwa maji baridi na vijana wa kuosha magari, kwa maana uso wa nje wa kioo hunywea ghafla wakati sehemu nyingine ingali imetanuka, na ufa huondoka kwenye kovu ukaenda kusimama mbele ya macho ya dereva. Hapo huanza hatua ya pili, ambayo ni ya kutafuta stika ya kuufunika.

Subira hiyo ya kuuvumilia ufa ina msingi wa kisayansi. Vioo vya milangoni hupashwa joto kali na kupozwa ghafla ili vikivunjika visambaratike kuwa chembe butu, lakini kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki uitwao polivinili butirali, ambao unene wake kwa kawaida ni milimita 0.76 hivi. Wazo la kioo cha namna hiyo hunasibishwa na Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ya maabara yake ilianguka ikapasuka bila vipande kutawanyika, kwa kuwa ndani yake ulikuwa umekaukia utando wa nitrati ya selulosi, naye mwaka 1909 akasajili hataza. Utando wa kati ulikusudiwa kuokoa nyuso za watu; kwamba pia ungeokoa ubahili, ukamwezesha mtu kuendesha gari lenye ufa kuanzia Ramadhani hadi Krismasi, ni faida ambayo bila shaka haikuandikwa kwenye hataza.

Ununuzi wa kioo kipya hauhitaji maelezo mengi kwa yeyote aliyewahi kufika Gerezani, Kariakoo. Gari la jina moja na la mwaka mmoja laweza kuwa na vioo vya mbele vya namna kadhaa, kimoja kikiwa na nafasi ya kihisi cha mvua na kingine kikiwa nacho kishikio tofauti cha kioo cha kutazamia nyuma, na muuzaji, ambaye dukani ana kimoja tu, humhakikishia mteja kwamba tofauti hizo ni maringo ya Wajapani. Kisha kioo husimamishwa wima kwenye bodaboda, kati ya dereva na abiria anayekikumbatia kwa imani, na upepo wa njiani hukigeuza kuwa tanga.

Kukitoa kioo cha zamani ni kazi ya waya mwembamba unaopenyezwa kwenye gundi na kuvutwa na watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, ambao kwa dakika chache huendesha mazungumzo ya ndoa changa, kila mmoja akidai kwamba mwenzake havuti. Gundi ya zamani haibanduliwi yote, bali huachwa tabaka la milimita moja au mbili ili gundi mpya, ambayo ni ya poliurithani, ishikane nalo. Enzi za stika za bima za karatasi, stika iliondoka pamoja na kioo, na mwenye gari alikumbuka jambo hilo mbele ya askari wa usalama barabarani.

Hata hivyo, kinachowashinda wengi si kioo, bali ukingo wake, yaani ule utepe wa raba au plastiki unaofunika mwanya kati ya kioo na bati, ambao mafundi huuita raba ya kioo na wenye magari hawauiti chochote mpaka upotee. Katika Volkswagen Beetle ya zamani, kioo kilikaa ndani ya raba nene yenye mfereji, fundi akazungusha kamba kwenye mfereji huo, akapaka maji ya sabuni, kisha akaivuta kamba kutoka ndani huku msaidizi akisukuma kwa viganja kutoka nje, na raba ikapanda juu ya bati kwa utii wa kupendeza. Utepe wa kung'aa uliopamba raba hiyo ulipaswa kuingizwa kabla kioo hakijapanda kwenye gari, na wapo mafundi waliolikumbuka sharti hilo wakati tayari wananawa mikono.

Katika magari ya sasa gundi ndiyo inayozuia maji, na ukingo hufunika mwanya na kuutuliza upepo. Raba mpya inayouzwa kwa mita haifai kuvutwa wakati wa kuibandika, kwa sababu baada ya siku chache hurudi kwenye urefu wake wa asili na kuziacha pembe za kioo wazi. Huanzia katikati ya upande wa juu na kusukumwa taratibu kuelekea pembeni. Fundi mwenye haraka huivuta, kwa hoja kwamba mita iliyobaki inaweza kumfaa mteja mwingine, na klipu zinazosalia mkononi huzitangaza kuwa za ziada, kana kwamba kiwanda kiliziweka kwa ukarimu. Gari likifika kilomita themanini kwa saa, mluzi huanza kwenye pembe, na abiria wa nyuma huulizana ni nani anayepiga.

Dawa ya mluzi, kwa mafundi wengi, ni silikoni. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na huweza kulisha kutu bati lililokwaruzwa, na mabaki yake huizuia gundi ya poliurithani kushika siku kioo kitakapobadilishwa tena, lakini ina sifa moja isiyopingika, nayo ni kwamba inapatikana duka la jirani.

Poliurithani hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, hivyo Dar es Salaam huisaidia kuliko Dodoma wakati wa kiangazi, na kabla haijakauka mlango ukibamizwa, hewa iliyofungiwa ndani huweza kukisogeza kioo. Kwa hiyo fundi mwangalifu huacha dirisha moja wazi kidogo. Baada ya hapo hufuata jaribio la maji, ambapo mwenye gari huketishwa ndani kama shahidi na ndoo humwagwa juu ya paa. Maji huingia. Kioo hulaumiwa, kisha gundi, kisha muuzaji wa Gerezani, na mjadala wa kukibandua kioo upya hufikia mahali pazito, waya ukiwa umekwisha kutafutwa, ndipo mwanagenzi anayeshika ndoo huuliza kama lile dirisha limeachwa wazi kwa makusudi.