Pua ya Msafiri

Kwenye vizuizi vya barabarani Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, pua husomwa kabla ya kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha Wakongo wengi. Nyembamba? Mtutsi. Pana? Mhunde, au Mnyanga. Mwenye pua ya wastani huwapa wataalamu kazi ya ziada, na malipo yake hupanda. Taaluma hii ni urithi: Wabelgiji walipima nyuso Rwanda, kisha kuanzia 1937 wakawahamishia Wanyarwanda Masisi. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi, maelfu wakafa. Noti za faranga, hata zikitoka mfukoni mwa mwenye pua inayoshukiwa, hazijawahi kukataliwa kwenye kizuizi.