Mkeka wa Pili

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga na kapu lake la machungwa, nilijiapiza kwamba wiki hiyo nitakuwa mtu. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, msuli umepigwa pasi. Jumamosi usiku mke wangu akachomeka flashi kwenye runinga: filamu ya kutafsiriwa, zile ambazo jamaa anaweka sauti yake juu ya sauti za Wazungu na kuwasengenya kama majirani zake.

Ilikuwa What Happens in Vegas ya mwaka 2008, ya Cameron Diaz na Ashton Kutcher. Joy kaachwa na mchumba wake huku marafiki wamejificha humo humo ndani kumfanyia huyo mchumba sapraizi ya bethidei. Jack kafukuzwa kazi na baba yake mzazi. Kila mmoja anatoka New York kwenda Las Vegas kupoza machungu, wanakutana, wanalewa, asubuhi wanaamka mke na mume. Wakiwa katikati ya kutupiana maneno, Jack anachukua sarafu ya Joy, anaitumbukiza kwenye mashine ya kamari, anavuta. Dola milioni 3.

“Sheikh gani huyo anayeozesha walevi usiku?” mama aliuliza.

Nikamweleza kwamba kule ofisi ya vibali vya ndoa iko wazi mpaka saa sita usiku, kila siku, na hakuna kusubiri.

Mama akaguna. “Ndoa ya mkeka tu hiyo. Basi vile hawakukutwa.”

Nikaikazia macho runinga. Maana mimi nilikutwa. Uani kwa mama huyu huyu, saa tatu usiku, binti yake ananionjesha sambusa. Wallahi sambusa. Mkeka ukatandikwa, sheikh wa mtaa akaitwa akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla. Mimi nilipewa muda wa kutawadha.

Kwenye filamu jaji akagoma kuwaachanisha. Akazuia zile pesa, akawahukumu miezi 6 ya kuishi pamoja kama wanandoa na kila wiki kwenda kwa mshauri, ambaye ni Queen Latifah. Mama akamkubali jaji: hata huku, akasema, mahakama haikusikilizi talaka yako kabla hujapita baraza la usuluhishi. Lakini wale wawili ndani ya nyumba! Wanagombania kifuniko cha choo. Jack anakojoa kwenye sinki la vyombo. Mama akasema astaghfirullah, akaziba macho, vidole vimeachana. Mke wangu akanigeukia mimi. Sikuwahi, jamani. Nilichowahi kufanya pale ni kunyoa ndevu.

Ndipo ukazuka mjadala wa pesa.

“Sarafu ya nani?” mama akauliza.

“Ya mwanamke,” mke wangu akajibu.

“Basi na pesa ni za mwanamke. Tuendelee.”

Ningenyamaza. “Lakini aliyevuta ni Jack! Bila ule mkono, sarafu si ingekuwa bado imelala? Lazima agawiwe chake!”

Wakanitazama. Niliongea kwa uchungu kuliko wakili wa Jack mwenyewe, na uchungu ule ulikuwa na sababu. Mchana mke wangu alinipa elfu kumi ninunue umeme. Nilinunua wa elfu mbili. Elfu nane nikazitia kwenye mkeka wa mechi saba. Sita zilikubali. Ya saba timu yangu iliongoza mpaka dakika ya 88. Taa nyekundu ya mita ilikuwa inawaka tangu magharibi, nimeitundikia kofia.

Jack na Joy wameanza kutazamana kwa jicho jingine, giza likashuka. Taa za jirani zinawaka.

“Baba watoto,” sauti ya mke wangu ikaja taratibu, “ile elfu kumi?”

“Ume… umechanika.”

“Nini kimechanika?” mama akadakia.

“Mkeka, mama.”

Kimya. Kisha mama, kwa masikitiko ya kweli: “Mkeka upi? Ule wangu wa ukindu nimesuka mwenyewe, nimeuacha Tanga, mzima!”

Mke wangu akamweleza gizani, neno kwa neno, mkeka wa pili ni upi.

Hukumu ilitoka kabla mshumaa haujawashwa. Miezi sita pesa ya umeme isiguse mkono wangu. Na kila Ijumaa baada ya swala, mama anapiga simu, spika inawekwa, najieleza.

Filamu tuliimalizia kesho yake. Joy anasimama mahakamani na kumwachia Jack pesa zote, na mwisho wanarudiana. Mke wangu alifuta chozi. Mama mkwe akasema yule binti hana mama.

Sasa niko mwezi wa tatu.