Sifa za Injini Iliyoshushwa

Injini iliyoshushwa haijawahi kumgonga mtu Himo. Haijapigwa tochi na trafiki, haijakosa breki kwenye mteremko wa Marangu, wala haijamchelewesha baba wa watu baa hadi usiku wa manane. Imetulia juu ya matairi mawili chini ya migomba, imefunikwa turubai, na fadhila zake zinazidi za gari lolote linalotembea.

Sisemi injini ya kila mtu. Ya Noah hushushwa Jumatatu, Alhamisi iko barabarani inatafuta hela. Hiyo haina adabu. Nasifu ya Datsun 240Z: silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Ukoo wake hauna doa. Edgar Herrmann alishinda East African Safari kwa gari hilo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo 1973. Mwenye nalo atakusimulia hayo kabla hujavuta kiti. Kwamba magari yale yalikuwa mapya, hilo hataligusa.

Tuanze na silinda hedi, maana ndiko kwenye utamu. Bloku ni chuma cha kutupwa, hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Wawili hawa walifungwa bolti pamoja huko Japani, na gasketi ndiye mshenga wao. Gari likichemsha vibaya mara moja tu ukipanda kutoka Himo, hedi inapinda, mshenga anaungua, na maji yanaingia kwenye oili. Basi hedi inapelekwa mjini kuchongwa uso usawazike. Kila ikichongwa inapungua unene kidogo, na fundi anaongeza bei kidogo, hivyo hakuna kinachopotea.

Halafu kuna mlima wenyewe. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Tanga. Kabureta haina habari. Inamwaga petroli kana kwamba iko pwani, plagi zinajaa masizi, injini inakohoa mbele ya watalii. Ukiibana petroli ili ipande vizuri, ukishuka mjini inabaki na njaa na kuanza kupata moto. Mwenye gari anaombwa achague kama yeye ni mtu wa mlimani au wa mjini. Hawa wenye magari ya kompyuta, nani amewahi kuwauliza swali zito namna hiyo?

Valvu ziko 12. Za kuingiza hupimwa nafasi ya milimita 0.25, za kutolea moshi 0.30, na vipimo hivyo ni vya injini ikiwa ya moto; vidole ni juu yako. Kazi hiyo haifanywi bila mashahidi. Fundi anasema ni ringi, jirani anasema ni valvu, shemeji mwenye pikipiki anasema ni betri, na wote wanakaa hadi jioni kuhakikisha hakuna aliyeshinda. Ringi zenyewe zinaagizwa ng'ambo, zinafika kwenye begi la jamaa anayekuja likizo, katikati ya viatu vya watoto.

Lakini fadhila kuu huonekana Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na barabara za kupanda vijijini kujaa Land Cruiser kutoka Dar. Wenye magari mazima wanatumwa: kachukue soda, kamlete shangazi Rombo, mpeleke bibi kanisani, rudi umfuate mchungaji. Mwenye 240Z hatumwi. "Lako si bado liko kwa fundi?" wanamuuliza kwa huruma, na kumsogezea mbege.

Hatari ni moja tu, kwamba iko siku injini itawaka. 240Z ina viti viwili, kimoja ni cha dereva, na mashangazi katika ukoo ule ni wengi, kila mmoja na kumbukumbu nzuri ya nani alipakiwa kwanza. Nasikia fundi ameshafunga hedi na jana aliulizia betri. Nimemtumia ujumbe apime valvu upya, zote 12, taratibu.