Debe la Babu Lilivyofika Bunda

Kwenye ukoo wetu wa Butiama, mali ya marehemu haiguswi mpaka shangazi afike. Shangazi anaishi Bunda, na macho yake ni mzani: akitazama sufuria iliyotoboka anakutajia kilo, akitazama betri ya gari anakutajia bei. Kwa hiyo mafundi walipoezua nyumba ya babu ili tuweke bati jipya, wakashusha darini debe la kutu lililofungwa kwa waya, hakuna aliyethubutu kulifungua. Bibi aliagiza liwekwe chini ya mwembe, shangazi akapigiwa simu.

Alishukia Makutano, akadandia bodaboda, akakata waya kwa koleo kabla hata ya kunywa uji. Debe lilijaa maganda ya risasi.

Asili yake haikuwa kitendawili. Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi lile lile la Waingereza ambalo kijana mwingine wa Butiama, David Musuguri, alijiunga nalo mwaka 1942, akaja kuongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera na kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Babu hakupata cheo. Alipata kikohozi, makoti mawili na, kumbe, debe. Kasoro ni kwamba baadhi ya maganda yale hayakuwa ya zama zake. Macho yote yakamgeukia baba mdogo, aliyekwenda vitani Uganda na kurudi mwaka 1979. Alikuwa ametoka Musoma, Nyasho, na sato wawili mkononi. Hakukiri wala hakukana. Aliuliza tu sato wataliwa saa ngapi.

Shangazi akatandika mkeka, akaleta beseni, akang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Uchambuzi ukaanza. Maganda marefu, yenye ukingo uliotokeza kitakoni, yalikuwa ya bunduki za Kiingereza za .303. Sumaku ikayapita bila kuyajali: hayo ni brasi, yaani shaba karibu sehemu saba na zinki sehemu tatu. Chini ya kila kitako palikuwa na herufi za kiwanda na tarakimu za mwaka, na katikati kidoa cha fataki chenye kishimo pale pini ilipogonga. Maganda mafupi, yaliyopungua kwa karibu sentimita 2, yalikuwa ya AK. Nayo yalimeremeta, lakini sumaku ilipokaribia yakarukia na kung'ang'ania. Chuma kitupu, kimepakwa shaba juu kama kipodozi.

"Wametupiga!" shangazi akalia, kana kwamba wenye viwanda walikuwa wamemkusudia yeye. Brasi ilikuwa na bei. Chuma kilikuwa cha kujazia gunia.

Hapo binamu yangu mdogo, aliyemaliza kidato cha nne na kuhamia kwenye simu, akatoa hotuba. Marekani, alisema, watu hukusanya maganda yao baada ya kulenga shabaha, huyaosha, huyachambua kwa alama za kitakoni kwa kuwa unene wa ndani hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kisha hubadilisha fataki, hutia baruti na risasi mpya. Brasi inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu hutanuka inapolipukiwa, ikaziba moshi usirudi nyuma, halafu hunywea tena kidogo. Chuma hakina unyumbufu huo, wengi hukitupa.

"Mama, hii ni biashara," alimaliza.

"Biashara ya wapi? Jikoni kwangu?" bibi akauliza.

"Mura, kiwanda cha Mzinga kipo Morogoro," baba mdogo akadakia. "Nenda kaombe kazi."

Biashara ikafa, ikabaki ya kilo. Lakini maganda yalikuwa machafu, yamevaa kutu ya kijani, na mali chafu hushusha bei. Shangazi akashauri yachomwe kwenye jiko ili uchafu utoke upesi. Bibi akakataa katakata, na sababu yake haikuwa usalama. Mkaa umepanda bei, akasema, hauchomi takataka za mtu. Tumieni majivu na ndimu. Wakasugua mpaka magharibi.

Asubuhi brasi ikatiwa kwenye kiroba, juu yake zikamwagwa dagaa ili kondakta asiulize, shangazi akarudi zake Bunda.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alimwaga kiroba sakafuni, akapepeta dagaa pembeni, akaanza kuokota. Mara akasimama. Ganda moja halikuwa na mdomo wazi. Kutu na uchafu ambavyo majivu hayakuvitoa vilikuwa vimeifunika risasi yake, na kitako chake kilikuwa bapa, hakina kishimo. Mnunuzi alitoka nje ya duka lake mwenyewe, akamwacha shangazi na mzani.

"Mama," alisema kutoka upande wa pili wa barabara, "hii haijafa."

Shangazi akampigia baba mdogo. Mzee yule, aliyeongea kwa nadra siku nzima chini ya mwembe, sasa alipata sauti: usiishike, usiirudishe kwenye basi, toka nje, ita polisi. Polisi walikuja, wakachukua ile moja, wakachukua na maganda mengine yote, kisha wakafika Butiama kwa ajili ya debe. Shangazi aliandika maelezo marefu. Mpaka leo analalamika kwamba hakuna aliyempimia hata kilo.

Nyumba nzima ilichambua kutwa, na hakuna aliyechambua kilichotakiwa kuchambuliwa. Sumaku inajua chuma na brasi. Haijui iliyokufa na iliyo hai. Kama si ubahili wa bibi kwa mkaa wake, risasi ile ingeingia motoni huku watoto wamezunguka jiko.

Wengine hawakupata bibi wa namna hiyo. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano.

Sheria nayo haitanii. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Itifaki ya Nairobi ya 2004, iliyosainiwa na nchi yetu, inapofafanua risasi haiishii kwenye risasi nzima: inataja pia ganda, fataki na baruti. Kwa hiyo ukikuta debe la namna hii darini kwa marehemu, usilichambue, usilioshe, usilipandishe basi. Liache lilipo, waondoe watoto, mwambie mtendaji wa kijiji au piga 112. Bei ya brasi haifiki hata nauli ya hospitali.