Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone Nini?

Aliyetunga methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" hakuwa na sukari. Angekuwa nayo, angejua kwamba mgeni akija kinachopona ni njaa ya mgeni. Mwenyeji anabaki na kipimo chake.

Mimi sukari nimeambiwa ninayo tangu mwaka jana. Muuguzi wa kliniki alinichorea duara kwenye karatasi, akasema hii ndiyo sahani yako: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ya mwisho ugali. "Na ugali wenyewe usizidi ngumi." Nikamuuliza ngumi ya nani. Alinitazama kana kwamba nataka kumwonyesha yangu.

Mniwie radhi, lakini mimi ni mtu wa Titye. Ugali wetu wa muhogo ni mlima mweupe unaovutika, na tangu lini mlima ukapimwa kwa ngumi? Hata hivyo nilivumilia. Miezi mitano nimekula majani mpaka mbuzi wa jirani wananiangalia kama mshindani. Asubuhi kabla ya kula kipimo kikawa kinasoma 6.4, muuguzi akanisifu mbele ya foleni nzima.

Ndipo wakwe walipopiga simu kutoka Kibondo. Hawakuuliza kama wanaweza kuja. Walitaja siku.

Walifika Jumamosi jioni, baba mkwe mbele, shemeji nyuma na dumu mkononi. Makofi yakapigwa, watu wakainama, habari za watoto, za mvua na za muhogo zikaulizwa na kujibiwa, kisha dumu likakabidhiwa. Asali. Lita 5 za asali ya Kibondo, zawadi ya mgonjwa wa sukari.

"Baba, hii kwangu si itakuwa sumu?"

"Asali si sukari, mwanangu. Sukari inatoka kiwandani. Asali inatoka kwa Mungu."

Mama watoto alikuwa amepika mara mbili. Kwa wageni, ugali, migebuka iliyozama kwenye mawese, na maharage yaliyokaangwa kwa mawese hayo hayo. Kwangu, mchicha wenye kijiko kimoja cha mafuta, mgebuka mmoja wa kuchemsha na ndimu, na ugali wa ngumi, akanitengea pembeni kwenye kisahani cha watoto.

Tukanawa. Baba mkwe akanyoosha mkono kuelekea ugali, mkono ukasimama hewani, maji bado yanamchuruzika kwenye kiwiko.

"Mwenyeji haanzi?"

"Mimi, baba, daktari amenikataza."

"Amekukataza kula na sisi?"

Shemeji akaitazama ile migebuka, akanitazama mimi, akairudia migebuka. Huku kwetu, mwenyeji asiyegusa chakula alichoandalia wageni ana sababu mbili tu, na ugonjwa ni ile ambayo hakuna anayeiamini.

Nikamega tonge. Tonge moja la ushahidi, nikalichovya kwenye mawese, nikameza huku wote wanaangalia koo langu. Nikadhani kesi imekwisha. Kumbe maharage nayo yalihitaji shahidi wake, na samaki wa upande wa pili wa bakuli vilevile. Nilipomaliza kuapa kwa matonge, ngumi zangu za wiki nzima zilikuwa tumboni.

Mikono ikashuka, watu wakala kwa amani. Amani hiyo ilidumu mpaka mzee alipokiona kile kisahani.

"Na hiki ulichojifichia ni nini?"

"Chakula cha dawa, baba."

"Kumbe kizuri umejiwekea wewe!" Akaonja mchicha. Akafumba macho. Akamwita shemeji. Mgebuka wangu wa ndimu ulikwenda kwa awamu mbili, kichwa kwa mzee, mkia kwa mtoto wake. "Ndiyo maana umenawiri," akasema akilamba vidole. Mbele yangu ukabaki mlima na ziwa la mawese. Ningelala njaa mbele ya wakwe? Nikapanda mlima.

Kisha ikaja chai. Mzee mwenyewe ndiye aliyenikorogea asali kikombeni, kijiko kikisimama wima.

Asubuhi kipimo kikasoma 12.1. Jumapili tukarudia yote, ila kisahani changu safari hii kiliwekwa moja kwa moja mbele ya mzee, "kwa sababu alikipenda."

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nataka nimwone huyo mhenga akimkabidhi baba mkwe wake jembe. Siku ya tatu nilikwenda kliniki peke yangu. Muuguzi akatazama namba, akatazama uso wangu.

"Umekula nini?"

"Nina wageni."

Akaguna. "Unahitaji mazoezi, nusu saa kila siku. Shamba unalo?"

"La muhogo."

"Basi shika jembe."

Ndiyo hivyo, jembe la siku ya tatu likanidondokea mimi. Narudi nyumbani nalichukua ukutani, napita chini ya mwembe ambako baba mkwe ameketi na kikombe cha pili. Akanitazama kwa fahari ya mtu aliyemwoza binti yake vizuri.

"Palilia sawasawa, mwanangu," akasema. "Muhogo huo tutakuja kuula mwakani."